Samaki wa Winam na saa yake

Mgeni akienda Dunga, ufuo wa Kisumu, kula samaki, haletewi karatasi ya vyakula. Huitwa penye beseni. Humo wamelazwa samaki waitwao ngege, wa kila kimo, na mwenye kibanda huwageuza kwa vidole viwili akiwagawa kwa macho: huyu wa mtu mmoja, hawa wa wawili, yule wa nyumba nzima. Bei hutajwa, hupunguzwa kidogo, kisha huja swali: akaangwe, achomwe au achemshwe? Mgeni hudhani anaulizwa anapenda nini. Mama anayeuliza anajua kwamba jibu, kwa sehemu kubwa, samaki mwenyewe alishalitoa tangu alfajiri.

Kando ya Ghuba ya Winam, kwenye Ziwa Victoria, mapishi hufuata saa kabla hayajafuata hamu ya mtu. Samaki aliyeshushwa kutoka kwenye mashua asubuhi hiyo huenda chunguni. Aliyefikiwa na jioni huingia kwenye mafuta. Anayepelekwa Gikomba, Nairobi, bila barafu, hukaangwa kwanza au hupigwa moshi. Na wa kuwekwa akiba hupasuliwa akaanikwa juani. Mtu akijua utaratibu huu, anaweza kusimama mlangoni mwa jiko lolote kati ya Port Victoria na Muhuru Bay, akanusa, na akakisia samaki wa humo ana muda gani tangu aage maji.

Hali ya mahali ndiyo iliyopanga hivyo. Kisumu umekaa kwenye pembe ya ndani kabisa ya ghuba, mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, lakini karibu mno na ikweta, na adhuhuri joto hugusa nyuzi 30. Kwa joto hilo ngege asiyetiwa barafu huanza kuharibika baada ya saa chache, na usiku ukiingia hana tena la kumtetea. Akitiwa barafu tangu ndani ya mashua, samaki yuyo huyo hukaa wiki mbili, hata tatu, kwa kuwa vijidudu vilivyozoea maji ya uvuguvugu hulemaa kwenye baridi. Ila barafu haipatikani kila ufuo. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa hili lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini fuo zake za kupakulia samaki zinapita 300, na nyingi ni mchanga mtupu, mti wa kivuli na mizani iliyoning'inizwa tawini.

Mtu wa Mombasa au Unguja ana hofu ya aina nyingine. Kwao samaki wa kuheshimiwa ni jodari, mwenye nyama nyekundu na damu nyingi. Jodari asipotolewa damu na kupozwa mara tu anapovuliwa, mwilini mwake hujengeka histamini, ambayo haina harufu na haiuawi na moto. Mlaji huiva uso, huwashwa mwili, kichwa humgonga, na mpishi huapa kwamba samaki alikuwa mzuri. Ndiyo maana mvuvi wa pwani anayejua kazi humchinja jodari na kumzika kwenye barafu kabla hajafikiria nazi na ukwaju. Ngege hana hila hiyo. Akiharibika, jirani wa nyumba ya tatu atajua.

Basi chungu kwanza.

Kuchemsha ndiko kunakoheshimiwa zaidi ziwani, na ndiko kunakodharauliwa zaidi na wageni, ambao huona samaki wa maji na chumvi ni chakula cha mgonjwa. Kazi huanza kwa kijiko. Samaki hushikwa mkia, ukingo wa kijiko ukaparuza kuelekea kichwani, na magamba huruka hadi kwenye nywele za mwenye kazi. Mapezi ya mgongoni hukatwa mapema kwa sababu miiba yake huchoma na kidonda chake huchelewa kupona. Kisha tumbo hupasuliwa kuanzia nyuma kwenda kooni, kisu kikienda juujuu, maana ncha yake ikitoboa nyongo supu nzima itakuwa chungu. Utando mweusi unaotanda ndani ya tumbo husuguliwa kwa chumvi mpaka utoke. Mashavu hung'olewa yote, kwani ndiyo yanayooza kwanza. Mnunuzi mjuzi huyafunua kabla hata ya kutazama macho. Yakiwa mekundu ya damu mbichi, huyo ni wa leo. Yakiwa ya hudhurungi, ni wa jana. Yakigeuka kijivu, aachiwe paka.

Kichwa hakitupwi. Anayemwomba muuzaji wa Dunga akate kichwa hutazamwa kwa huruma.

Chungu cha udongo, ambacho Wajaluo hukiita agulu, bado kinatumika katika nyumba nyingi za mashambani, ingawa sufuria ndiyo imeshika mji. Vitunguu na nyanya nyingi zilizokatwa hupangwa chini, samaki akalazwa juu yake, maji yakatiwa kiasi cha kumfika nusu ya ubavu, na chumvi. Mafuta hayatiwi. Kwa kimo cha Kisumu maji huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, tofauti na 100 za pwani, na mpishi wa samaki hana sababu ya kulalamika, maana nyama ya ngege huiva muda mrefu kabla ya joto hilo. Ngege wa nusu kilo hamalizi dakika 20. Mwiko hauruhusiwi kuingia: chungu hushikwa kwa kitambaa pande mbili na kutikiswa, mchuzi upande juu ya samaki bila kumvunja. Akikorogwa, miiba midogo huachana na nyama na kuenea kila mahali, na mlo hugeuka kazi ya kutafuta sindano.

Samaki aliyevuliwa muda mfupi uliopita hujikunja chunguni na ngozi yake hupasuka. Misuli yake bado imekakamaa, na moto huivuta. Wapishi waliojifunza mjini hujaribu kulizuia jambo hilo kwa kumchanja ubavuni. Wenyeji humwacha ajikunje. Mkunjo huo ndio wanaoutaka waone, kwa kuwa samaki wa jana hulala sawasawa na mchuzi wake huwa na ukungu.

Ndimu ina kazi ambayo wengi huifanya bila kuuliza sababu. Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, na maji yake hujaa mwani wa kijani unaotokana na mbolea na maji taka yanayoshuka kutoka mashambani na mijini. Mwani wa aina hiyo hutoa kemikali iitwayo jeosmini, ambayo ndiyo harufu ya udongo baada ya mvua, na samaki huinyonya mwilini. Mlaji husema ngege ana ladha ya matope. Asidi huivunja jeosmini na kuipunguzia makali, kwa hiyo maji ya ndimu yanayopakwa robo saa kabla ya kupika yanafanya kazi halisi. Samaki waliovuliwa nje ya ghuba, huko Mfangano, Remba na maji ya kina, hawahitaji kubembelezwa hivyo, na watu wa visiwani hawaachi kulisema hilo wakija Kisumu.

Supu hiyo huliwa na ugali, ambao zamani ulikuwa wa mtama au mtama uliochanganywa na muhogo, mweusi na mzito, kabla mahindi hayajashika kila sahani. Wapo wanaourudia. Ugali wa mtama una uchachu kidogo unaokaa vizuri na mchuzi usio na mafuta, na hoteli kadhaa za Kisumu sasa huuuza kwa bei ya juu kuliko ule mweupe, jambo ambalo lingewashangaza mabibi waliolelewa nao kwa kukosa mwingine.

Mafuta yanaanzia pale chungu kinapoishia. Kando ya ziwa wanawake wanaokaanga samaki kwa biashara huitwa mama karanga, na kazi yao ndiyo inayolisha mji. Mama karanga hununua ufuoni asubuhi, na anachouza jioni kando ya barabara ya mtaani lazima kiwe kimeshinda jua la mchana kutwa. Kwa hiyo hukaanga mara mbili. Mara ya kwanza samaki aliyechanjwa ubavuni mistari mitatu au minne, akapakwa chumvi na kuachwa achuje maji, huingia kwenye karai la mafuta mengi hadi nyama iive na ngozi ishike rangi. Hutolewa, hupangwa kwenye kabati la vioo au beseni, akapoa. Mteja akifika, anarudishwa mafutani dakika chache ili akauke na kulia mdomoni. Maji yakishatoka, vijidudu vinakosa makazi, na samaki aliyekaangwa hivyo anavuka usiku mzima bila friji.

Kosa la mtu anayejaribu hivi nyumbani ni mafuta yasiyopata moto. Samaki akitiwa mapema, ngozi yake hugandamana na karai na nusu ya mlo hubaki chini. Mama karanga haangalii mafuta kwa kipimajoto. Hudondosha kipande cha mkia, na kikipiga kelele na kuelea, basi. Kosa la pili ni maji. Samaki aliyeoshwa na kutupwa mafutani akiwa bado analowa huwarushia watu moto usoni na hujichemsha badala ya kukaangika.

Kuna daraja la kati, nalo ndilo linaloagizwa zaidi hotelini: samaki hukaangwa, halafu hupikwa tena kwenye mchuzi wa nyanya, vitunguu, dhania na pilipili hoho. Kusema kweli, mchuzi huo umeokoa samaki wengi ambao hawakustahili kuokolewa. Nyanya na bizari hufunika mengi. Lakini ukipikwa na mtu mwenye heshima zake, ambaye hukaanga kidogo tu ili ngozi ishike, akaacha nyama imalizikie kwenye mchuzi, ni vigumu kumpinga anayeupenda kuliko yote.

Vibanda vya Lwang'ni, katikati ya mji karibu na reli na maji, vilijenga jina lake kwa samaki wa namna hii. Watu wa ofisini walikula hapo bega kwa bega na waoshaji magari hadi vibanda vilipoondolewa wakati bandari ya Kisumu ilipokuwa ikifufuliwa. Walaji walitawanyika, wengine wakahamia Dunga, wengine mitaani.

Kuchoma kunahitaji maneno machache. Ni mapishi yaliyokuja na bia na nyama choma, na Kisumu huyafanya bila shauku kubwa. Ngege hana mafuta mengi, hukauka haraka juu ya makaa, na ngozi yake hunasa kwenye wavu. Watu wa Mwanza, ambao humwita samaki huyo sato, humpasua mgongoni, humfungua, humpaka chumvi, ndimu na saumu, na humbanika polepole upande wa ngozi. Katika hili Kisumu haina haja ya kuona aibu kujifunza kwa jirani.

Huwezi kuzungumzia jiko la ziwa ukamruka mbuta, sangara kwa Watanzania, kwa sababu yeye ndiye aliyelibadilisha kwa nguvu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mfalme wa Winam alikuwa ngege wa asili, samaki mtamu wa kimo cha kiganja na nusu. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na nyavu za kutegea za nyuzi za kitani zilipoletwa mwaka 1905, ngege alianza kusafirishwa mbali na kuvuliwa kupita kiasi. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza Michael Graham alizunguka ziwa zima akichunguza kwa nini samaki wanapungua. Serikali za kikoloni baadaye ziliongeza aina mpya ili kujaza pengo: ngege wa Mto Naili miaka ya 1950, ambaye ndiye anayeliwa leo, na mbuta, aliyeingizwa upande wa Uganda miaka hiyohiyo na upande wa Kisumu mwaka 1963. Ngege wa asili karibu ametoweka ziwani; wanaotaka kumwona hai huenda Ziwa Kanyaboli, Siaya, alikojificha nyuma ya mafunjo ya Yala.

Mbuta alichukua takriban miaka 20 kuongezeka, kisha katika miaka ya 1980 akalipuka. Aliwala fulu, vile visamaki vidogo vya rangi nyingi ambavyo wanasayansi walihesabu aina zaidi ya 500, na inakadiriwa aina zipatazo 200 zilipotea. Jikoni alileta balaa lingine. Anaweza kufika urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200, na mwili wake umejaa mafuta. Samaki wa zamani walipasuliwa na kuanikwa, wakakauka kwa siku chache. Mbuta hakauki: mafuta yake huchacha juani. Ikabidi apigwe moshi au akaangwe, na kuni zikaanza kuliwa kwa kasi kando ya ziwa. Wanawake waliozoea kutengeneza samaki kwa jua la bure walijikuta wakinunua kuni na mapipa ya kujengea tanuri za moshi.

Halafu vikaja viwanda vya minofu. Kiwanda huchukua pande mbili za nyama, chini ya nusu ya uzito wa samaki, huzigandisha na kuzipeleka Ulaya, Israeli na kwingineko. Kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya uliwafungia wavuvi wa ziwa hili mlango mara kadhaa, kwanza kwa hofu ya vimelea na kipindupindu, kisha kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu ya kuulia wadudu. Ni katika misukosuko hiyo ndipo barafu ndani ya mashua, masanduku ya plastiki na sakafu za saruji ufuoni zilipoanza kuchukuliwa kuwa mambo ya lazima. Mlaji wa mbali ndiye aliyedai samaki safi. Mlaji wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, alinufaika njiani.

Kinachobaki kiwandani ndicho chakula cha Kisumu. Mifupa yenye kichwa, mkia na nyama iliyong'ang'ania uti wa mgongo huitwa mgongo wazi, na mtaa wa Obunga ndio makao yake makuu. Karai kubwa, moto wa nje, moshi unaokaa kwenye nguo wiki nzima. Mifupa hukatwa kwa panga, huachwa ichuje na kukauka kidogo juani, kisha hukaangwa kwa muda mrefu, mara nyingi katika mafuta yaliyotokana na mbuta mwenyewe, mpaka miiba midogo itafunike. Upande wa pili wa ziwa, Mwanza, mabaki hayohayo huitwa mapanki, na filamu ya Hubert Sauper iliyotoka mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliwaonyesha walimwengu wanawake wakiyageuza katikati ya funza. Filamu hiyo iliwakera wengi Tanzania, Rais Jakaya Kikwete akiwemo. Obunga haikuhitaji filamu. Watu wake wanajua kwamba mgongo wazi wa asubuhi ni mtamu, wa jioni una mashaka, na kichwa cha mbuta kilichochemshwa na tangawizi hadi mashavu yaachie ni supu inayoweza kumfufua aliyelala vibaya.

Mwenye uwezo wa kununua mbuta mzima achague mdogo, ingawa si mdogo kupita sheria: nchi tatu za ziwa zilikubaliana avuliwe mwenye urefu kati ya sentimita 50 na 85. Nyama ya tumboni, yenye mafuta, ndiyo ya kukaanga bila kuongeza mafuta mengi. Ya mgongoni, nyeupe na kavu, ndiyo ya mchuzi.

Wapo wawili ambao saa haiwasumbui. Kamongo ana mapafu, na mumi, ambaye Waswahili wengine humwita kambare, ana kiungo cha kumwezesha kuvuta hewa. Wote wawili huweza kukaa nje ya maji kwa saa nyingi wakiwa hai. Huuzwa wakipumua, na hesabu ya muda huanza pale mpishi anapoamua. Shida yao ni ute. Jivu, chumvi au maji ya moto hutumika kuuondoa, mwili ukisuguliwa mpaka kiganja kisiteleze tena. Kamongo hukatwa vipande vinene na kukaangwa, naye hutoa mafuta mengi kiasi kwamba karai linaloanza na kijiko humaliza na kikombe. Ladha yake ni nzito, karibu na ya nyama, na sifa zake kwa wanaume wenye kutafuta nguvu za usiku zimetia chumvi kwenye bei. Katika mila za Baganda wanawake hawakumla. Kisumu siku hizi hununuliwa na yeyote mwenye pesa. Mumi ni bora akipigwa moshi kwanza, halafu apikwe na karanga zilizosagwa.

Omena, dagaa wa ziwani, ndiye samaki wa watu wengi zaidi, na saa yake ni fupi kuliko zote. Huvuliwa usiku usio na mwezi kwa taa zinazoelea, zamani karabai, siku hizi taa za betri na za sola, na kutoka ufuoni Asembo au Mbita taa hizo humfanya mgeni adhani kuna mji mwingine katikati ya maji. Alfajiri mashua zinapofika, wanawake huwa wameshasubiri na mabeseni. Jua likichomoza omena amekwisha kutandazwa juu ya nyavu kuukuu au vichanja. Kukiwa na jua kali, jioni amekauka. Kukinyesha, anaoza palepale, au anauzwa kwa bei ya kutupa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Kila mwaka upande wa Kenya uvuvi wake hufungwa kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai ili azaliane, miezi ambayo kwa sehemu mvua ingemharibia hata hivyo.

Mtu wa Nairobi anayesema hapendi omena kwa sababu ni mchungu na ana mchanga, mara nyingi amekula wa kuanikwa ardhini aliyeoshwa kwa haraka. Gorogoro moja la omena linahitaji ungo kabla ya moto: hupepetwa, wenye vichwa vilivyovunjika na kokoto wakatolewa, kisha huoshwa kwa maji ya moto mara mbili tatu, upesi, bila kulowekwa. Baadaye hukaushwa kwenye sufuria kavu mpaka walie kama njugu, ndipo mafuta, vitunguu na nyanya vifuate, na mwishoni maziwa au malai yanayolainisha uchungu uliobaki. Huliwa mzima, na ndani ya mifupa yake ndimo kalisiamu ilimo.

Lakini kuna omena ambaye Nairobi haijamwona kabisa: mbichi, wa saa moja, anayetupwa mafutani na chumvi tu hapohapo ufuoni. Hana uchungu wowote. Hatafutwi na watalii na hayumo kwenye matangazo ya kaunti, na pengine ndicho chakula kizuri kuliko vyote ambavyo Winam inatoa.

Wa kuwekwa akiba ni obambla, ngege aliyepasuliwa, akafunguliwa na kuanikwa, ambaye hulowekwa, huchemshwa, halafu huungwa kwa maziwa au karanga hadi mchuzi ushike. Wazee humsifu kuliko mbichi. Upande wa Tanzania mbuta hutiwa chumvi nyingi na kuanikwa, akaitwa kayabo, akasafiri kwa malori hadi mashariki ya Kongo, ambako wateja humtaka hivyohivyo, mkavu na mwenye chumvi, hata kama wangeweza kupata mbichi.

Mpangilio huu wa kale sasa umevurugwa na samaki wa aina mbili. Wa kwanza ni wa Uchina, aliyegandishwa, anayefika Mombasa kwenye makontena na kuuzwa hadi masoko ya Kisumu kwa bei ambayo mvuvi wa Dunga haiwezi. Anaweza kuwa na miezi kadhaa, lakini macho yake yameganda na mashavu hayasemi kitu. Njia ya kumkagua haipo. Mama karanga wengi humnunua bila kujidanganya. Humyeyusha taratibu, humkamua maji kwa kitambaa, humtia chumvi kuliko kawaida na humpeleka moja kwa moja mafutani, mara mbili. Chunguni hawamtii; nyama yake huachana na kuwa uji.

Wa pili ni wa vizimba. Katika muongo uliopita vizimba vya ngege vimejaa kando ya Siaya, Homa Bay na Kisumu, maelfu yake, na samaki wake wote wana kimo kimoja kama waliopimwa. Wapinzani husema ladha yake ni ya chakula cha pelete, na wana sehemu ya haki. Ila ana faida moja ambayo hata mvuvi hana: huvunwa siku ambayo mteja ameagiza. Hoteli inayopiga simu asubuhi inaweza kumpata mchana akiwa bado amekakamaa.

Anayetaka kujipikia afike Dunga mapema, kabla wanunuzi wa jumla hawajamaliza kuchagua, afunue mashavu bila kuona haya, na aombe samaki aparwe lakini aachwe na kichwa. Nyanya, ndimu na dhania anaweza kuzipata kwenye masoko ya Jubilee au Kibuye akirudi mjini. Na kama siku hiyo wamebaki wa vizimba tu, awanunue, lakini apunguze maji ya chungu kwa robo na aongeze ndimu, kwa sababu hao wana mafuta zaidi na mchuzi wao huhitaji kuchangamshwa.